Namba Iliyosema Tumekufa

Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, baada ya swala ya adhuhuri, hukaa kibarazani na simu mbili, moja mkononi na nyingine mapajani, nikaipigia ya mapajani kwa ile ya mkononi. Wapita njia hunicheka. Wacheke. Mmoja wao ana duka la vifaa vya ujenzi hapa hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na tovuti yake mpaka leo inaonyesha picha ya ghala lililoungua zamani. Kiwanja chake sasa kinafungiwa mbuzi. Nimemwambia mara tatu aitoe picha ile. Mara ya nne simwambii, mteja wake akija aoneshwe mbuzi.

Sina subira na watu wa namna hiyo, na sioni haya kusema, kwa sababu nilikuwa mmoja wao, na ujinga wangu nusura unitoe kwenye nyumba niliyozaliwa.

Nyumba yenyewe ni ya vyumba vinane, ng'ambo ya barabara kutoka kwa fundi wa redio. Baba alikuja huku kutoka Mtwara na marobota ya nguo, akaoa, akajenga. Alipofariki, mama aliigeuza nyumba ya wageni, pensão kama wanavyoita wenyewe watu wa serikali. Hao ndio walikuwa wageni wetu: walimu, wauguzi, makarani wanaopangiwa kazi huku kutoka kusini, wasiojua mtu wala njia, wakafikia kwetu mpaka wapate pa kukaa. Mama naye alipofariki tukabaki wawili, mimi na kaka yangu. Kaka alichukua karatasi, mimi nikachukua jiko na mashuka. Hakuna aliyeniuliza kama mgawanyo huo naupenda.

Kazi za gesi zilipoanza kuleta watu, kaka alimwita fundi kutoka Pemba, ile ya huku Msumbiji, atutengenezee tovuti. Fundi alipiga picha vyumba, akapiga picha kibaraza, akaandika bei, akaandika namba ya simu ya kaka kwa tarakimu kubwa. Siku ya kuifungua, kaka akamwalika mwalimu wa madrasa aisomee dua. Huku kwetu nyumba mpya husomewa dua, chombo kipya husomewa, duka husomewa, kwa hiyo sikushangaa. Kompyuta ikawekwa juu ya mkeka, ubani ukachomwa, halua na kahawa zikaandaliwa. Mwalimu alisoma kwa heshima zake zote, ingawa alikuwa akiikodolea macho ile kompyuta kama mtu aliyeletewa mgonjwa asiyemjua.

Tulipoitikia amina, fundi akasema, "Sasa hii inataka kuangaliwa. Kila mwezi muifungue, muisome yote, mjaribu namba kama inaita, mbadilishe bei zikibadilika. Mkitaka nitakuwa naifanya mimi."

Kaka akamsogezea sahani ya halua. "Ishasomewa dua," akasema.

Fundi akala halua yake akaondoka. Nami, niliyekuwa nimesimama mlangoni na birika la kahawa, nilimwona fundi huyo mtu wa tamaa, anayetafuta njia ya kurudi kila mwezi. Nilisema hivyo jikoni kwa sauti.

Kisha vita vikaingia mjini, tukakimbia. Habari ya kukimbia sitaieleza, kila mtu wa Palma ana yake na yangu haizidi ya mwenzangu. Tulivuka tukaenda kukaa Mtwara kwa jamaa wa baba. Kule tulitumia laini za Tanzania. Laini ya kaka ya Msumbiji ilikaa ndani ya mkebe wa chai bila saldo, yaani bila salio, mpaka kampuni ya simu ikaichukua namba yake ikampa mtu mwingine. Hatukujua, wala hatukuwaza. Ila kila mwaka kaka alimtumia fundi ada ya tovuti, na kila akishatuma alitutangazia, "Nimeilipia," kwa sauti ya mtu aliyetufungia Ramadhani sote.

Tuliporudi tulikuta mabati yamekwenda, milango imekwenda, hata bomba la uani limeng'olewa. Tukatengeneza vyumba vinne. Tukanunua laini mpya, nikamwita mchora vibao akaiandika namba mpya ukutani kwa rangi ya buluu. Nikafua mashuka. Nikangoja wageni.

Hawakuja. Kuzoea kungoja wageni nilishazoea, lakini safari hii nilingoja na macho yangu yanaona. Ng'ambo ya barabara kuna nyumba nyingine ya wageni, ya mwanamke niliyesoma naye Kurani kwenye mkeka mmoja. Tulitobolewa masikio siku moja. Kwake vyumba vitano, na vyote vimejaa. Watu wa serikali walishuka kwenye chapa, daladala za huku, na mabegi yao, wakapita mbele ya kibao changu cha buluu, wakaingia kwake. Hata shingo hawakugeuza.

Kaka hakuwa mtu wa kungoja. Aliniambia, "Mpaka Idi. Vyumba visipojaa mpaka Idi, tunauza. Kuna tajiri wa Nampula anataka kufanya ghala."

"Na mimi?"

"Utakuja kukaa kwangu Mtwara. Kuna chumba nyuma."

Chumba nyuma, kwenye ua wa mke wake aliyebaki kule. Mimi na wifi yangu hatuwezi kushirikiana jiko moja hata siku tatu za msiba. Nilijiona nimekaa kwenye kitanda cha kuazima, naomba chumvi kwa adabu. Nikaapa sitoki, ila kiapo hakileti mgeni, na Idi ilikuwa inakuja.

Basi nikatafuta wa kumchukia, na hakuwa mbali. Nilianza kwa kutomsalimu yule jirani. Akinisalimu naitika kwa midomo tu, maana salamu ya dini huwezi kuiacha chini, kisha nageuza uso. Alasiri moja akavuka barabara na wauguzi wawili, mume na mke, na mabegi yao.

"Kwangu kumejaa," akasema. "Nimekuletea hawa."

Alikuja kwa wema. Leo najua. Siku ile niliona anakuja kunionyesha kwamba amejaa. Nikamwambia mbele yao, "Makombo yako kale mwenyewe."

Wauguzi hawakujua Kiswahili lakini uso wangu waliuelewa. Wakabeba mabegi yao wakamfuata, sijui aliwalaza wapi.

Haikunitosha. Wiki iliyofuata palikuwa na harusi, na wanawake tulikuwa uani kwenye masufuria ya pilau, zaidi ya thelathini, na yeye akiwa kwenye sufuria la pili. Nikasema, wala sikushusha sauti, kwamba kuna watu hapa mjini wageni wao hawaji kwa miguu yao, wanavutwa na vitu vilivyofukiwa kizingitini. Sikutaja jina. Hapakuwa na haja. Vijiko vikasimama. Akaweka mwiko juu ya mfuniko, akafunga kanga yake vizuri, akaondoka. Kwetu kumtia mtu maneno ya uchawi ni kumharibia nyumba yake na watoto wake. Nilifanya hivyo mchana kweupe, nikijua ninachofanya, na nilikula pilau baadaye.

Siku kumi baadaye nilikuwa sokoni nachagua samaki, wale changu. Kuna mtu akanigusa bega kisha akarudi nyuma hatua mbili. Alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu wa Zambézia, kule kusini, aliyekaa kwetu karibu nusu mwaka kabla ya kukimbia. Mtu mpole, alipenda chai ya maziwa, alikuwa akikunja shuka lake mwenyewe. Sasa alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Senhora," akasema. "Senhora ni yeye?"

"Ni mimi. Una nini?"

"Mas... lakini waliniambia senhora amekufa."

Nilimwomba arudie, akarudia. Alipopangiwa tena huku alipiga simu kuuliza chumba. Mwanamke akapokea, akamwambia watu wa pensão ile wote walikufa, wasitafutwe. Alikuwa amefika jana yake na amekwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya shule. Zaidi ya hapo, akaniambia huku akitazama viatu vyake, kule kwao aliomba padri anitaje kwenye misa.

Ilinipasa kushukuru. Mtu ananiombea na si wa dini yangu. Badala yake nikamwambia, "Na wewe ukaamini?"

"Namba iko kwenye página yenu, senhora," akajibu. "Nani mwingine nimwamini?"

Akatoa simu yake akanifungulia. Hapo hapo, kando ya meza ya samaki, ndipo nilipoiona tovuti yetu kwa mara ya kwanza tangu siku ya dua. Kibaraza kilikuwa na paa. Vyumba vilikuwa vinane. Bei zilikuwa za kale kiasi kwamba leo hazinunui hata sabuni ya kufulia. Chini kabisa, kwa tarakimu kubwa, ile namba ya kwenye mkebe wa chai. Miaka yote hiyo hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kuifungua, kwa sababu sisi tulikuwa tunakijua tulichonacho. Nani anabisha hodi kwake mwenyewe? Nani anaipigia simu nyumba anayokaa?

Nikaipiga ile namba kwa simu ya mwalimu.

"Hakuna pensão," mwanamke akasema kwa Kireno kabla sijatamka kitu. Nyuma yake watoto walikuwa wakilia.

"Najua," nikasema. "Pensão ni yangu."

Akawatuliza watoto kwanza. "Nyinyi si mmekufa?"

"Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Niliwaua mimi."

Nilikuwa nimeshampangia matusi, yako tayari mdomoni. Lakini aliendelea kuzungumza, kwa uchovu, bila kunipa nafasi. Alikuwa Montepuez, mji wa bara. Cartão, yaani laini, aliinunua kwenye kibanda, kama kila mtu. Tangu wiki ya kwanza watu asiowajua walimpigia wakitaka chumba. Akiwaambia wamekosea, wanabishana naye, wanamwambia página imesema hivi. Mmoja alimwita mwizi. Mwingine alimpigia yeye akiwa makaburini, wanamzika mama yake, akataka kujua kama kifungua kinywa kimo kwenye bei.

"Siku ile nikasema wamekufa wote," akaniambia. "Akasema pole, akakata. Nikaona ndiyo dawa yao. Na mimi nimekimbia kama wewe, mana, dada yangu. Namba hii ndiyo wanayoijua wanangu wakubwa, waliotawanyika. Ikilia naruka. Kila mara naruka, na kila mara ni mtu anataka kitanda. Iondoeni hapo."

Nilimwambia itaondolewa. Hakusema asante, akakata.

Sikumbuki kama nilinunua wale samaki. Nakumbuka nimefika nyumbani nikamkuta kaka kibarazani na yule tajiri wa Nampula, wanakunywa chai, kwenye vikombe vya mama. Ilinipasa kusubiri mgeni aondoke, ndiyo adabu. Sikusubiri.

"Tumekufa," nikamwambia kaka. "Una habari? Tovuti yako inawaambia watu tumekufa."

"Tovuti nimeilipia," akasema.

"Umeilipia. Umeisoma?"

Akamtazama mgeni, akacheka kicheko cha kunidogosha. "Mdogo wangu huyu. Kitu kile kilisomewa dua, wewe mwenyewe ulikuwepo."

Ulikuwa mwezi wa Shaabani. Kila Shaabani wanaume wa mtaa wetu huupaka chokaa msikiti kabla ya Ramadhani kuingia, na kaka ndiye hupanda ngazi, hamwachii mtu. Alikuwa ametoka huko asubuhi. Kucha zake zilikuwa bado nyeupe.

"Msikiti nao ulisomewa dua," nikasema. "Tazama mikono yako."

Akatazama mikono yake. Kweli aliitazama, kisha akaificha chini ya meza, mtu mzima na ndevu zake. Yule tajiri akaona kikombe chake kina mambo mengi ya kuangalia. Nikamweleza kaka yote: mwalimu na misa yake, mwanamke wa Montepuez na watoto wake, vyumba vinane ambavyo ni vinne, paa ambalo halipo. Sikupunguza kitu. Nilimwambia kwamba vyumba havikukosa wageni kwa sababu ya vita wala kwa sababu ya mtu yeyote, na hapo sauti yangu ikakatika, kwa maana nilijisikia ninavyosema *mtu yeyote*, nikaliona lile sufuria la pili na mwiko juu ya mfuniko.

Kaka aliingia ndani akarudi na daftari lake la leseni. Nywila ilikuwa ukurasa wa mwisho. Akaliweka mbele yangu, na hiyo ndiyo radhi pekee aliyowahi kuniomba.

Ilituchukua siku tatu. Fundi wa Pemba alituelekeza kwa simu, na nilimwomba radhi kwa maneno niliyosema jikoni miaka hiyo, ambayo yeye hakuwahi kuyasikia. Yule mwalimu wa sekondari alipiga picha mpya. Namba ya mwanamke wa Montepuez ilitoka kwanza, kabla ya kitu kingine. Kaka alitaka tuache vyumba vinane kwa kuwa Mungu akipenda tutavifikia. Nikamwambia Mungu akishapenda tutaandika vinane, sasa tunaandika vinne. Juu kabisa tukaandika kwamba tumerudi.

Mwalimu aliwatumia wenzake wote. Kabla ya Idi nilikuwa na walimu watatu na karani wa mahakama, vyumba vyote vimejaa, na kaka akamwambia tajiri wa Nampula kwamba nyumba ya wazazi haiuzwi, kwa namna ambayo ungedhani wazo la kuuza lilikuwa la tajiri.

Mimi nilibaki na la ng'ambo ya barabara.

Nilikwenda kwake asubuhi. Alinipokea mlangoni na mlangoni aliniacha, hakunikaribisha ndani. Nikamwambia nimekosa. Nikamweleza habari ya namba.

"Najua habari ya namba," akasema. "Watu walikuja hapa wakisema wewe umekufa. Niliwaambia namwona kila siku akimwaga maji uani, nendeni. Wengine hawakuamini. Wale wauguzi niliwaleta kwa mkono wangu ili wakuone."

"Ningekuwa najua..."

"Ulinijua mimi," akasema. "Ulichosema kwenye masufuria kakifute kwenye masufuria." Akafunga mlango.

Hitima ya kwanza iliyofuata, nilisimama uani mbele ya wanawake wale wale. Nilisema nilimsingizia mtu, nikamtaja jina safari hii, nikasema hakukuwa na kitu kizingitini kwake wala popote, kulikuwa na uvivu nyumbani kwangu. Yeye alikuwa anakoroga, hakuinua kichwa. Na baada ya hapo, mwezi baada ya mwezi, alinirudishia kile nilichompa: salamu ya midomo, na uso upande.

Ndiyo maana nakaa na simu mbili na sijali nani anacheka. Naivaa miwani, naifungua tovuti kama mtu aliye Quelimane au Maputo asiyenijua. Naisoma kuanzia juu mpaka chini, kila bei, kila chumba. Kisha naibonyeza ile namba nione nani atapokea. Simu ya mapajani inalia, naipokea, na nasema kwa sauti, "Tupo," ingawa anayesikia ni mimi mwenyewe.

Mwezi uliopita nilikwishamaliza, nimeshavua miwani, simu ya mapajani ikalia tena. Nikapokea.

"Chumba cha mbele," sauti ikasema, bila salamu. "Umeandika kina feni."

Niliijua sauti ile tangu mkeka wa madrasa.

"Kina feni," nikasema.

"Feni yako iko kwa fundi wa redio tangu Jumatatu, nimeiona mezani kwake imefumuliwa. Unamwandikia mtu feni, anatoka safari ya siku mbili, anakuja kulala kwenye joto hili?"

Nikainua macho. Alikuwa kibarazani kwake, ng'ambo, simu sikioni, uso ameuelekeza ukutani.

"Nitaifuta," nikasema.

"Futa sasa."

Nikavaa miwani, nikatafuta mstari wa chumba cha mbele, nikaifuta ile feni. Nilisikia pumzi yake, na kuku wake uani, na hakukata simu mpaka alipoitoa sikioni, akaifungua tovuti, akaona feni imefutika.